Mzinga Haupigi Kura: Mjadala Kuhusu Raia Askari wa Camp Doniphan

Mada iliyo mbele yetu ni hii: nchi inapoingia vitani ikawachukua wakulima, makarani na wauza duka na kuwafundisha kupiga mizinga, je, kambi imfute yule raia ili abaki askari mtupu, au imjenge askari juu ya raia aliyekuwapo?

Swali hili likijadiliwa kijumla kila mtu hushinda, kwa hiyo nimelifunga kwenye kambi moja. Marekani ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani tarehe 6 Aprili 1917. Jeshi lake la kudumu lilikuwa dogo mno kwa vita vya Ulaya. Likaongezwa kwa watu walioandikishwa kwa lazima chini ya sheria ya Mei mwaka huo, na kwa Walinzi wa Taifa, yaani vikosi vya majimbo ambavyo wakati wa amani huwakusanya raia kwa mazoezi ya muda mfupi kisha kuwarudisha makazini. Vikosi vya Missouri na Kansas viliunganishwa kuwa Divisheni ya 35, vikapelekwa Camp Doniphan. Hii ilikuwa kambi ya mahema iliyojengwa ndani ya eneo la Fort Sill, Oklahoma, ambako shule ya upigaji mizinga ilikuwapo tangu 1911. Miongoni mwa waliofika mwishoni mwa Septemba 1917 ilikuwamo Rejimenti ya 129 ya Mizinga, na ndani yake luteni wa miaka 33, mkulima kutoka Grandview mwenye macho mabovu na miwani mizito. Jina lake Harry Truman. Mwaka 1945 alikuja kuwa Rais wa Marekani, na kwa sababu hiyo barua alizomwandikia mchumba wake Bess Wallace zilihifadhiwa, na askari wenzake wakahojiwa. Ndiyo maana habari za kambi hii tunazo nyingi.

Sauti tatu zitajadiliana, na mwenyekiti ataziongoza. Mzee ni mpiga mizinga mstaafu wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, aliyepigana vita vya Kagera. Mwalimu ni kijana anayefundisha historia sekondari. Wakili ni mama anayetetea haki za raia mahakamani. Watu hawa nimewaunda mwenyewe ili hoja zikutane uso kwa uso. Matukio ya historia wanayoyataja ni ya kweli.

Duru ya kwanza: maofisa waliochaguliwa kwa kura

MWENYEKITI: Tuanze na jambo linaloshangaza wengi. Askari hawa waliwapigia kura baadhi ya maofisa wao. Mzee, karibu.

MZEE: Ahsante, ndugu mwenyekiti. Mimi naanza na mzinga wenyewe. Mtu wa bunduki humwona anayempiga. Mtu wa mzinga hamwoni. Mizinga imefichwa nyuma ya kilima, adui yuko kilomita kadhaa mbele, na katikati wako askari wetu wa miguu. Ofisa anasoma ramani, anakokotoa umbali na pembe, anarekebisha kwa ajili ya upepo na joto la hewa, kisha anatoa namba. Mmoja analenga, mwingine anaweka mwinuko, wa tatu anatega fyuzi, wa nne anapakia, wa tano anafyatua. Katika vita vile walitumia pazia la makombora: makombora yanatangulia mbele kidogo ya askari wa miguu, yakisogea kwa dakika zilizopangwa. Ofisa akikosea namba moja, kombora linawaangukia watoto wa nchi yake mwenyewe. Sasa niambieni, kura inaingia wapi hapo? Watu wa Betri F, kimoja cha vikosi vya rejimenti hiyo, walimchagua Truman kuwa luteni, na yeye mwenyewe alikuwa ametarajia usajenti tu. Walimchagua kwa kuwa walimjua na alifanya kazi kubwa ya kuandikisha watu. Hakuna aliyemuuliza kama anajua hesabu.

MWALIMU: Shikamoo, mzee.

MZEE: Marahaba, mwanangu.

MWALIMU: Hoja yako ya mzinga naikubali yote. Lakini Truman hakuwa mgeni kabisa. Alijiunga na Betri B ya Kansas City mwaka 1905 akaitumikia hadi 1911. Na kura haikumwondolea mitihani. Pale Doniphan alifikishwa mbele ya Brigedia Jenerali Lucien Berry, mtu aliyetisha kwa maswali yake, ili apimwe kama anafaa ukapteni. Machi 1918 alitangulizwa Ufaransa, akaingizwa kwenye shule ya mizinga ya Montigny-sur-Aube. Huyu ni mtu ambaye hakusoma chuo kikuu, amepewa trigonometria na upimaji wa ardhi asubuhi mpaka usiku, na akafaulu. Wapiga kura walisema nani wanamwamini, kisha jeshi likahakikisha anayeaminiwa anajua kazi. Mambo hayo mawili hayagombani.

MZEE: Yanagombana vitani, mwalimu. Rejimenti hiyohiyo ilimchagua Karl Klemm kuwa kanali wake. Waliona mhitimu wa chuo cha kijeshi cha West Point, wakaona wamepata lulu. Baadaye wakakuta mtu mkali waliyemwogopa kuliko walivyomheshimu. Kura haikuwaonya.

MWALIMU: Na cheti cha West Point nacho hakikuwaonya, mzee wangu.

WAKILI: Naomba niingie hapa, baba. Desturi ya askari wa kujitolea kuwachagua maofisa ilikuwa ya zamani Marekani. Ilitumika hata katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Mantiki yake ilikuwa hii: mtu huru ameacha shamba lake kwa hiari, basi awe na kauli kuhusu atakayemwongoza kwenye kifo. Vikosi vilipoingia rasmi mikononi mwa serikali ya shirikisho mwaka 1917, kupanda cheo kukawa kwa mitihani na amri. Kwa hiyo Doniphan ni mahali ambapo tabia mbili zilikutana: askari waliokuwa wamezoea kuulizwa, na jeshi lisilouliza.

Duru ya pili: vumbi, farasi na kantini

MWENYEKITI: Tuingie kambini kwenyewe. Maisha yalikuwaje?

MWALIMU: Kwanza vumbi. Oklahoma ni nchi tambarare yenye upepo usiokoma, na barua za Truman zimejaa vumbi: ndani ya hema, ndani ya chakula, machoni. Kisha ikaja baridi ya mwisho wa 1917, baridi kali isiyo ya kawaida, na watu wako kwenye mahema. Surua na nimonia zilizikumba kambi za Walinzi wa Taifa. William Gorgas, mkuu wa tiba wa jeshi, yule aliyepata sifa kwa kupiga vita homa ya manjano Panama, alikagua kambi kadhaa majira hayo akalalamikia msongamano wa watu na upungufu wa nguo za baridi. Kabla hawajaliona bomu la Mjerumani, vijana walikuwa wakifa kwa maradhi ndani ya nchi yao.

MZEE: Hilo liandikwe kwa herufi kubwa. Makuruta hufa pia kwa uzembe wa mipango.

MWALIMU: Mizinga nayo haikutosha. Taifa lenye viwanda vikubwa kiasi kile liliingia vitani likiwa na mizinga michache. Rejimenti ilijifunzia mizinga ya Kimarekani ya inchi 3. Ilipofika Ufaransa ikakabidhiwa mizinga ya Kifaransa ya milimita 75, ile maarufu ambayo mtutu wake ulirudi nyuma kwa kani ya mafuta na hewa huku magurudumu yakibaki palepale, ikaweza kupiga makombora 15 kwa dakika bila kulenga upya kila mara. Kwa hiyo waliyoyazoea Doniphan kwa mikono yao, sehemu kubwa ilibidi wayajifunze tena.

MZEE: Unanisaidia mimi, mwalimu. Hivyo ndivyo jeshi la raia lilivyo: wakati wa amani hakuna anayelikumbuka, vita vikija linaanza kukimbizana.

MWALIMU: Lakini tazama walichokuja nacho kutoka nyumbani, mzee. Mzinga mmoja ulivutwa na farasi sita. Farasi anataka kulishwa, kunyweshwa, kuangaliwa kwato na kutulizwa anaposikia mlipuko. Jeshi lingechukua muda gani kumfundisha hayo mtu ambaye hajawahi kuishi na mnyama? Vijana wa mashamba ya Missouri walikuja nayo tayari. Na kuna habari ya kantini. Truman alipewa kazi ya kuendesha duka la rejimenti. Alimchukua Edward Jacobson, kijana wa Kiyahudi aliyefanya kazi kwenye biashara ya nguo Kansas City. Kila askari akachanga dola 2. Watu 1,100 wakatoa dola 2,200. Wakauza sigara, peremende, soda, karatasi za barua. Wakaweka kinyozi na fundi cherehani. Baada ya miezi sita walikuwa wamerudisha mtaji na kugawa faida ya dola 10,000 hivi, wakati kantini nyingine nyingi pale kambini zilianguka.

MZEE: Habari nzuri, lakini kantini haiangushi ukuta.

MWALIMU: Haiangushi. Lakini fikiria kilichomo ndani yake. Mtu amekabidhiwa fedha za wanyonge 1,100 na hazikupotea hata senti. Askari anayejua kwamba luteni wake hakumwibia dola 2 atamwamini luteni huyo anapotoa namba za mzinga usiku wa manane. Uaminifu wa dukani uliingia kwenye mizinga. Kwato za farasi na daftari la hesabu zilikuwa ujuzi wa raia, na kambi yenye akili iliutumia.

WAKILI: Na kambi isiyo na akili ingemkataza Jacobson kuuza kwa sababu hana cheo kikubwa. Mimi hapo naona haki ndogo ambayo watu huisahau: askari kujua kwamba fedha yake inatunzwa na mtu anayeweza kuulizwa.

MZEE: Hilo la farasi nalikubali. Na la uaminifu nalikubali pia. Katika vita vya Kagera niliona mgambo waliotoka vijijini wakipita mahali ambapo sisi wa kambini tungepotea. Lakini nakuomba usichanganye ujuzi na nidhamu. Kujua njia ni jambo moja, na kubaki kwenye mzinga wakati makombora yanakuangukia ni jambo jingine.

Duru ya tatu: Betri D

MWENYEKITI: Basi twende huko kwenye makombora. Mzee, endelea.

MZEE: Julai 1918, kambi ya Coëtquidan, Ufaransa. Truman sasa ni kapteni, anakabidhiwa Betri D. Mizinga minne, watu karibu 190, wengi wao Wakatoliki wenye asili ya Ireland kutoka Kansas City, wakorofi, walioshinda nguvu makapteni waliomtangulia. Hawakumpigia kura hawa. Siku ileile walimpokea kwa fujo ili wampime. Kesho yake ikabandikwa orodha ya masajenti na makoplo walioshushwa vyeo. Akawaita waliobaki akawaeleza kwamba hakuja pale kutafuta namna ya kupatana nao. Wao ndio watafute namna ya kupatana naye. Tangu hapo Betri D ikanyooka. Mwalimu, Truman aliyechaguliwa alikuwa luteni wa kawaida. Truman aliyeteuliwa na kutumia fimbo ndiye aliyeacha jina. Samaki mkunje angali mbichi.

MWALIMU: Fimbo ilikuwepo, sikatai. Lakini askari wake walisimulia mengine pia. Walisema kwamba katika safari moja ya miguu alimpandisha farasi wake mtu aliyeteguka kifundo cha mguu. Kanali akaamuru mtu yule ashuke. Truman akajibu kwamba kanali anaweza kumvua cheo, ila kwa muda wote yeye akiwa ndiye mwenye betri, mgonjwa atapanda. Askari walioona hayo hawakuhitaji fimbo ya pili.

MZEE: Na usiku wa tarehe 29 Agosti, milimani Vosges? Betri D ilipiga makombora ya gesi, ikachelewa kuondoka, Wajerumani wakajibu, na sehemu kubwa ya watu wakakimbia. Raia wako walikimbia, mwalimu.

MWALIMU: Walikimbia, mzee. Sajenti wao mkuu mwenyewe ndiye aliyepiga kelele wakimbie. Truman alibaki akiwatukana kwa sauti mpaka wengi wakarudi. Mizinga miwili iliyokwama matopeni waliirudia wakaiokoa. Vita vyao vya kwanza, usiku wao wa kwanza. Chini ya mwezi mmoja baadaye, tarehe 26 Septemba 1918, alfajiri, shambulio kubwa la Meuse-Argonne lilipoanza, watu haohao walipiga, kwa maandishi ya Truman mwenyewe, makombora 3,000 tangu saa kumi alfajiri hadi saa mbili asubuhi. Hakuna aliyekimbia.

MZEE: Lakini divisheni yao ilivunjika. Zaidi ya watu 6,000 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea ndani ya siku chache, ikabidi iondolewe mstari wa mbele.

WAKILI: Na mwaka 1919 suala hilo likafika hadi Bungeni Marekani. Gavana Henry Allen wa Kansas aliwalaumu maofisa wa jeshi la kudumu. Jeshi la kudumu likalaumu mafunzo hafifu ya Walinzi wa Taifa. Kilicho wazi ni kwamba siku chache kabla ya shambulio makamanda kadhaa wa Walinzi wa Taifa waliondolewa wakawekwa wa jeshi la kudumu, kwa hiyo vikosi vikaingia vitani chini ya watu visivyowajua.

MWALIMU: Hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Ukimtoa kiongozi anayejulikana usiku wa kuamkia vita, umekata kamba iliyokuwa inawashikilia watu.

MZEE: Na hoja yangu inasimama palepale: miezi ya mafunzo haikutosha kwa yeyote kati yao. Sote wawili tunaweza kuwa sahihi, na waliokufa wamekufa.

MWALIMU: Sasa nikuulize jambo, mzee. Siku zilezile za Argonne, Truman alikuwa mbele akichungulia, akaona betri ya Wajerumani inajipanga upande wa Divisheni ya 28, nje ya eneo alilopangiwa. Amri ilikuwa wazi: piga ndani ya eneo lako tu. Akapiga nje ya eneo, akaiharibu nafasi ile ya Wajerumani. Kanali Klemm akatishia kumfikisha mahakama ya kijeshi, ingawa hakumfikisha. Wewe ungekuwa kamanda wake ungefanyaje?

MZEE: Ningemkemea mbele ya watu, kisha ningemshika mkono faraghani. Lakini mwalimu, ona kwa nini. Alipovunja amri ile alikuwa anajua umbali, anajua pembe, anajua askari wa Marekani wako wapi. Miezi kumi kabla, pale Doniphan, angefanya hivyohivyo angeua Wamarekani. Mafunzo ndiyo yaliyompa haki ya kukaidi.

WAKILI: Baba, umesema jambo ambalo mahakama nyingi zingelitaka kwenye kumbukumbu zake.

Duru ya nne: raia yupi?

MWENYEKITI: Mama Wakili, umekuwa ukisubiri.

WAKILI: Nimesubiri kwa sababu ndugu zangu mmezungumza kana kwamba neno raia linamhusu kila aliyekuwa ndani ya sare. Camp Doniphan imepewa jina la Alexander Doniphan, wakili mwenzangu wa Missouri aliyewaongoza wanamgambo wa kujitolea hadi Mexico mwaka 1846 na 1847. Lakini mimi namkumbuka kwa jambo la 1838. Alikuwa brigedia wa wanamgambo wa jimbo, akaamriwa na mkubwa wake kuwapiga risasi hadharani Joseph Smith na viongozi wenzake wa Wamormoni waliotekwa. Akakataa, akaandika kwamba amri hiyo ni mauaji, na kwamba atakayeitekeleza atamfikisha mahakamani. Watu wale wakaishi. Mzee, kambi ingemfuta raia ndani ya Doniphan, nani angekataa?

MZEE: Hakuna. Hilo sina jibu lake, na sitaki kulitafuta.

WAKILI: Sasa niende upande mwingine. Wakati vijana weupe wa Missouri wako Doniphan, Wamarekani weusi nao waliitwa. Divisheni yao ya 92 ilitawanywa kwenye kambi saba tofauti, haikuwahi kukusanywa mahali pamoja nchini mwao ijifunze kama divisheni moja, kwa sababu wakubwa waliogopa kuwakusanya watu weusi wengi wenye silaha. Wapiga mizinga wake walifundishwa Camp Dix, New Jersey, huku maofisa wengi wa kizungu wakishikilia kwamba mtu mweusi hawezi hesabu za mizinga. Walikwenda Ufaransa wakazipiga. Waliporudi nyumbani, walirudi kwenye mabehewa ya ubaguzi.

MWALIMU: Na miaka ileile, dada, huku kwetu mizinga ilivutwa na migongo ya watu.

WAKILI: Kabisa. Meli ya kivita ya Wajerumani Königsberg iliangamizwa katika delta ya Rufiji Julai 1915. Mizinga yake 10 ya sentimita 10.5 ikaopolewa, ikatengenezewa magurudumu kwenye karakana ya reli Dar es Salaam, kisha ikakokotwa nchi nzima na mamia ya wapagazi, maana mbung'o waliua farasi na ng'ombe. Kwa upande wa Waingereza, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi yamebaki majina yatokanayo na vikosi vya wapagazi. Watu hawa walibeba vita vya wengine. Hawakupewa kantini yenye gawio, hawakuhojiwa kwa ajili ya kumbukumbu, wala hawakuwa raia wa nchi iliyowatuma.

MZEE: Babu zetu hao.

WAKILI: Ndiyo, baba. Na Marekani haikulimaliza deni lake mwaka 1918. Februari 1946, Isaac Woodard, askari mweusi aliyetoka tu kuachiliwa jeshini, angali na sare mwilini, alipigwa na polisi wa Carolina Kusini mpaka akapofuka macho yote mawili. Truman, sasa Rais, aliposimuliwa habari ile alighadhibika. Tarehe 26 Julai 1948 akatia sahihi Amri ya Utendaji namba 9981, iliyotaka watendewe sawa na kupewa nafasi sawa wote walioko jeshini bila kujali rangi. Kapteni wa jeshi lililobagua ndiye aliyelikataza kubagua, na ilichukua miaka 30.

MZEE: Nasi Watanzania tuliliona swali hili mapema. Maasi ya jeshi ya Januari 1964 yalitufundisha kwamba jeshi lililoachwa na mkoloni, lisilojiona sehemu ya wananchi, linaweza kuigeukia nchi. Mwalimu Nyerere akalivunja, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi. Mwongozo wa chama cha TANU wa 1971 ukasisitiza mgambo. Idi Amin wa Uganda alipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, mgambo walipewa mafunzo haraka wakaingia pamoja nasi, na Aprili 1979 Kampala ilikuwa mikononi mwetu. Mizinga yetu ya roketi, ile iliyoitwa Saba Saba, ilipigwa na watu waliojua wanaitetea nchi yao. Nimetetea nidhamu jioni nzima, na bado naitetea. Lakini siwezi kudai nidhamu hiyo ilishushwa juu ya watu watupu. Ilijengwa juu ya watu waliokuwa na sababu ya kuwapo pale.

Majumuisho

Mjadala umemalizika na mimi ninatoa uamuzi wangu kama mtu aliyesikiliza, nikiutetea kwa moyo wote.

Mzee ameshinda kwa hoja moja ambayo hakuna anayeweza kuikwepa: mzinga hausamehe ujinga. Mtu anayependwa na wenzake lakini hajui kukokotoa ni hatari kwao kuliko adui. Kila taifa linalotangaza kwamba ulinzi ni wajibu wa wananchi wote, kisha likawapa wananchi hao mafunzo ya mkato na mizinga ya kuazima, linawadanganya. Vijana waliokufa kwa nimonia kwenye mahema ya Marekani, na walioanguka Argonne wakiongozwa na makamanda wageni, walilipia uzembe wa wakati wa amani. Truman aliliona hilo. Oktoba 1945 aliliomba Bunge lipitishe mafunzo ya kijeshi ya mwaka mmoja kwa vijana wote wa kiume, na Bunge likakataa. Njia aliyoipendekeza inaweza kubishaniwa, lakini sababu iliyomsukuma ilikuwa sahihi.

Mwalimu ameshinda kwa hoja ya pili: nidhamu inayodumu hukua kwenye uaminifu uliokuwapo kabla ya sare. Dola 2 zilizotunzwa, mgonjwa aliyepandishwa farasi, watu waliorudi kuokoa mizinga yao matopeni: hayo hayakutoka kwenye kwata peke yake. Wakati Truman anaapishwa Januari 1949, wazee wa Betri D walitembea kando ya gari lake. Jeshi haliwezi kuwaamuru watu wafanye hivyo miaka 30 baada ya vita.

Na Wakili ametuonyesha mahali ambapo hoja hizo mbili zinaungana. Doniphan wa 1838 alikataa kuua mateka kwa kuwa sheria ilikuwa imekaa ndani yake kabla ya cheo. Truman wa 1918 alipiga nje ya eneo lake akaokoa askari wenzake kwa kuwa hesabu ilikuwa imekaa ndani yake, na dhamiri ikaielekeza. Kambi inayomfuta raia inapata mtu anayetii tu, na mtu anayetii tu atafyatua pia pale asipopaswa kufyatua. Kambi inayomwacha raia bila kumfundisha inapata mtu mwenye nia njema anayeua watu wake. Kazi ya kambi ya mizinga ni kumfikisha raia mahali ambapo uamuzi wake una thamani.

Lakini kazi hiyo ina bei, na anayepaswa kuilipa ni dola. Aliyeitwa kulinda nchi anaidai nchi mambo matatu: apewe muda wa kutosha wa kujifunza kabla ya kupelekwa kufa, aongozwe na watu anaowajua na wanaoweza kuulizwa, na akirudi apokelewe akiwa raia kamili, awe wa rangi yoyote na wa kijiji chochote. Taifa lisilotimiza hayo matatu halina haki ya kumwita mtu raia askari. Linamtumia kama lilivyowatumia wapagazi wa Rufiji, na sisi ambao ni wajukuu wao tunapaswa kuwa wa kwanza kulikatalia.